Misa ya Wasioamua

Asubuhi hiyo Aurelia aliposhuka ngazi ya dungu lake, sufuria mkononi, alikuta bikoni ya mpaka wa hifadhi imehama tena. Jana jioni ilikuwa imesimama kule kwenye mfereji, mbali kiasi kwamba alikuwa ameisahau. Sasa ilikuwa katikati ya ngazi na mafiga, nyeupe, wima, ina umande kichwani. Maana yake dungu limebaki upande wa wananchi na jiko limeingia hifadhini. Kulala anaruhusiwa, kupika, hapana. Aurelia aliweka sufuria chini, akayahamisha mafiga moja moja hadi upande wa ngazi, akawasha moto upya. Wakati kuni zinashika alisema peke yake, "Wameshuka tena hawa."

Walioshuka ni chama cha Labour, cha Uingereza.

Teofili alifika chai inachemka. Huyu ni mtoto wa kaka yake Aurelia, na mradi wa hifadhi ulikuwa umemwajiri kulinda mpaka, yaani kuifuata bikoni kwa baiskeli popote inapokwenda na kuwaambia watu wako upande gani. Alivaa fulana ya mradi, filimbi shingoni, na mkononi alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Naona jiko umeshahamisha."

"Ulitaka nikusubiri uje unipulizie filimbi?"

Teofili alicheka kidogo, akaangalia simu. "Jana wamepoteza. Utafiti mpya umetoka. Lakini usiwe na wasiwasi, mpunga wako bado uko huku. Karibu wote."

"Karibu wote!"

"Ukiacha ile kona ya mti mkavu."

"Ile kona nimeipalilia kwa mkono, Teo. Mgongo wangu mpaka leo hauniachi."

"Najua, shangazi. Nilikuona."

Alipewa kikombe. Alikunywa chai yake amesimama upande wa hifadhi, kwa sababu alikuwa kazini.

Bikoni hiyo ni nguzo ya zege, kimo chake kiunoni kwa mtu mzima, yenye namba ubavuni. Ilichimbiwa na mradi wa kulinda bonde, ambao fedha zake zilitoka kwa wananchi wema wa Uingereza, watu wanaowapenda sana ndege wa majini wa Kilombero bila kuwahi kuwaona. Mpima ardhi aliyekuja alisema mpaka huu utakuwa shirikishi. Watu wakapiga makofi, maana neno lenyewe lilikuwa zuri. Hata wiki haikuisha, bikoni ikaanza kutembea. Beatus, mwenyekiti wa kitongoji, alikwenda ofisini kuuliza mpaka halali ni upi, wa jana au wa leo. Akajibiwa kwamba mpaka ni pale ilipo bikoni. Akashukuru, akarudi, akawatangazia watu hivyo hivyo.

Aliyegundua bikoni inamfuata nani ni Mudathiri, muuza vipuri vya baiskeli pale Ifakara mjini, mzee ambaye baba yake alitoka Kilwa na redio yake haizimwi ila wakati wa swala. Alikuwa ameona kwamba kila mara bikoni inapohama, redio nayo imetaja utafiti wa maoni kutoka London: chama fulani kimepanda, chama fulani kimeshuka. Alinyamaza muda mrefu ili awe na hakika. Siku moja, huku anakaza spoki, akasema, "Hiyo bikoni yenu inawasikiliza Waingereza." Waliokuwepo walisema ndiyo, inaelekea. Mmoja akauliza kama mpira wa ndani wa saizi ya Phoenix umeingia.

Ifakara utafiti si kitu kigeni. Huku mtu anazaliwa akihesabiwa na anakua akihojiwa. Ameshaulizwa kama jana alilala kwenye chandarua, kama chandarua kina matundu, kama matundu aliyakuta au aliyatoboa mwenyewe. Ameshatoa damu kidoleni, akapewa kipande cha sabuni na ahsante. Kwa hiyo waliposikia kwamba Uingereza watu kama elfu hivi wanapigiwa simu kuulizwa wangechagua chama gani kama uchaguzi ungekuwa kesho, walielewa upesi kuliko Waingereza wengi. Kilichowatatiza ni kimoja tu.

"Kwani uchaguzi ni kesho?" aliuliza Aurelia, siku hiyo alipopeleka baiskeli ya marehemu mumewe kubadilishwa tairi.

"Si kesho," alisema Mudathiri. "Bado miaka."

"Sasa wanauliza ya nini?"

"Wanauliza tu, mama."

"Halafu?"

"Halafu wanauliza tena."

Kila chama kilikuwa na mwendo wake. Labour ikipanda, bikoni inakwenda mtoni, na watu wanapata mashamba. Conservative ikipanda, inarudi kuelekea mjini, taratibu, kama mtu aliyesahau kofia yake. Liberal Democrats wakipanda, inasogea kidogo, inasimama, inafikiri, kisha inarudi pale pale. Greens wakipanda haiendi popote. Inaota ukungu wa kijani, na vyura wanaikalia. Reform ikipanda, haitembei. Inaruka, tena kuelekea mjini, na inapotua inatua kwa kishindo cha kuamsha mtoto. Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyejua. Waingereza ndio kabisa, maana hawakujua hata kama kuna bikoni.

Labour iliposhinda ule uchaguzi mkubwa, bikoni iliondoka mchana kweupe, ikapita katikati ya watu wanaopalilia, ikaenda hadi mtoni na kutulia kitako ndani ya maji. Lipangalala, kwao Aurelia, walipiga vigelegele. Mbuzi alichinjwa. Mwanamke mmoja aliyejifungua wiki ile alimpa mtoto jina la Leba, na padri akambatiza bila swali, kwa kuwa ameshabatiza majina mabaya zaidi. Aurelia yeye alichukua jembe akarudi kwenye shamba la baba yake, ambalo kabla ya zege kuja lilikuwa shamba la baba yake tu, halina maelezo mengine. Alilima, akapanda mpunga, akajenga dungu pale ukingoni ili aamie ndege. Hakuwa na shamba jingine. Mpunga huo ndio uliotakiwa kumlisha yeye, mama yake asiyeona, na binti yake Careen aliyekuwa na mimba kubwa, mpaka mavuno mengine.

Basi ikawa mvua zinaanza na Labour wanashuka. Mpunga ukienda juu, wao chini. Kila baada ya siku chache redio inasema wamepoteza tena, na bikoni inatoka majini, inapanda ukingo, inakuja. Watu walikasirika. Beatus alimsema waziri mkuu wa nchi ya watu kana kwamba ni mkwe wake aliyekataa kuja msibani. Ilifika mahali mama mmoja wa kwaya hamsalimii mwenzake kwa sababu mume wa huyo mwenzake amesikika akisema Greens wana hoja.

Tena kulikuwa na suala la Mlimba, mji wa upande mwingine wa bonde. Mpaka wenyewe ni kama kamba: ukivutwa huku unalegea kule. Bikoni ikija mjini Ifakara, bikoni mwenzake ya upande wa Mlimba inaondoka kwenye mashamba ya watu. Kwa hiyo watu wa Mlimba wakawa Conservative wa kufa na kupona. Treni ikipita, unawaona madirishani na skafu za bluu, rangi ya chama chao, katika joto lile la mwezi wa pili, wamekaza macho. Jumuiya ndogondogo za Lipangalala zikaanza kusali rozari kwa ajili ya Labour, wasikate tamaa. Mlimba nao wakasali ya kwao. Mungu aliwasikia wote, na bikoni ikatetemeka mahali pamoja wiki nzima mpaka panzi wakaihama.

"Mnapoteza sala zenu," Mudathiri alimwambia Aurelia. Alikuwa Mwislamu na hakutaka kuingilia, lakini jambo lenyewe lilimkera kama fundi. "Wenye chama chao huko hawahami. Wameshika tangu babu zao. Wanaoisukuma bikoni ni wale wakipigiwa simu wanasema, sijaamua. Hao wakienda huku, bikoni huku. Wakienda kule, kule."

"Kwa hiyo shamba langu liko mikononi mwa watu wasiojua wanataka nini."

"Ndiyo hivyo."

Aurelia alirudi nyumbani kwa miguu akikokota baiskeli, na kichwani hana kingine. Jumamosi akaenda parokiani kuweka nia ya misa. Katekista alikuwa mezani na foleni ya watu mbele yake: wa shukrani, wa marehemu, wa mtihani wa mtoto.

"Wewe mama, nia gani?"

"Kuwaombea wasioamua wa Uingereza."

"Wazima au marehemu?"

"Wazima."

"Misa ya kwanza au ya pili?"

"Ya kwanza, baba. Nataka niwahi ndege."

Hapo ndipo alipokosea. Alisema waombewe, hakusema waombewe nini. Yeye aliona jambo liko wazi, kwamba waamue, na waamue vizuri. Lakini padri ana nia nyingi na misa ni moja, na kwa nia isiyo na maelezo ana maneno yake anayoyatumia kwa familia, kwa vyama vya kitume na kwa mifugo. Jumapili alisimama akasoma, kwa sauti ile ile ya kila Jumapili:

"Tuwaombee ndugu zetu wasioamua wa Uingereza. Ee Bwana, uwabariki, uwaongeze na kuwazidishia."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," kanisa zima likaitikia. Aurelia naye aliitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Utafiti uliofuata ulitoka katikati ya wiki. Wasioamua walikuwa wameongezeka na kuzidishiwa. Walikipita kila chama. Watu waliokuwa na chama chao tangu ujana walipigiwa simu, wakafungua mdomo walitaje jina lake, wakakuta halipo. Wataalamu wa London walisema ni uchovu wa wapigakura, na mmoja akasema ni hali ya hewa.

Huku bondeni bikoni iliacha kuwa na safari. Inakwenda kidogo mtoni, inasimama, inageuka. Inazunguka dungu. Inaingia kwenye mpunga wa Levina, jirani wa Aurelia, inakaa humo mpaka saa sita, inatoka. Mpunga wakati huo ulikuwa umeshakuwa wa njano, umeinama, umefika kabisa, ni wa kukata leo au kesho. Teofili aliifuata bikoni kwa baiskeli mpaka mnyororo ukakatika, ndipo akapiga simu ofisini kuomba mwongozo. Mwongozo ulikuja. Ulisema kwamba mpaka bikoni itulie, ardhi yote ya bondeni inasubiri maamuzi, na mtu haruhusiwi kuvuna kwenye ardhi inayosubiri maamuzi.

Ndege wao hawakuwa wanasubiri maamuzi. Kweleakwelea walikuja kwa makundi, wanashuka, wanakula, wananyanyuka, wanashuka shamba la pili. Aurelia alikaa juu ya dungu anapiga debe tangu jua linatoka. Alitupa madongo, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akabaki anapunga kanga tu. Aliona mpunga wake unaliwa na mundu anao, umenolewa, umechomekwa kwenye paa.

"Teo," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "mpunga unapukutika."

"Naona, shangazi."

"Nikikata kidogo tu. Hapa pembeni ya dungu. Nani ataona?"

"Usiniambie. Ukiniambia nitakuwa najua."

"Mama yangu ni bibi yako. Unajua anakula nini sasa hivi?"

Teofili aliangalia baiskeli yake. "Mihogo," alisema.

"Basi kama unajua, kaa na hiyo filimbi yako."

Aurelia alirudi parokiani kurekebisha nia yake, kwamba hao watu waliozidishiwa sasa waamue, tafadhali. Katekista alimwonea huruma. Alimwambia misa zimejaa mpaka Pentekoste, ila kama ni dharura anaweza kumweka kwenye masifu ya jioni, ambako hawaji watu wengi. Aurelia akasema awekwe huko huko.

Sijui kama ni masifu yaliyofanya kazi. Ilitokea tu kwamba siku hizo Uingereza walikuwa wanachagua madiwani. Mudathiri alifuatilia jambo hilo kwa makini na hakulielewa, kwa hiyo alilieleza kama alivyolisikia: katika mji mmoja ambao jina lake hakuweza kulitamka, watu wamekasirika kwa sababu mapipa ya taka yalikuwa yanachukuliwa kila wiki na sasa yanachukuliwa wiki moja ndiyo, wiki moja hapana. Katika mji mwingine barabara ina mashimo. Wenye baiskeli zao pale dukani waliuliza mashimo ya ukubwa gani. Mudathiri akasema kwa maelezo ya redio, mtu anaweza kuingiza goti. Walisikitika kidogo kwa adabu, kisha wakarudi barabarani kwao, wakakokota baiskeli zao kwenye madimbwi.

Ijumaa asubuhi Mudathiri alifunga duka mapema kuliko siku ya msiba, akampigia Aurelia.

"Mama Careen, chukua mundu."

"Kuna nini, mzee wangu?"

"Wameamua. Sasa hivi wanaanza kutangaza matokeo."

"Wameamua nini?"

"Chukua mundu kwanza, mengine nitakuambia."

Bikoni ilikuwa imetulia. Ilisimama nyuma ya dungu upande wa mto, haigeuki wala haizunguki, na Teofili amesimama kando yake na simu sikioni. Alishusha simu akasema mwongozo umetoka: maamuzi yamepatikana, kilichopo mbele ya bikoni ni cha wananchi, mnaweza kuvuna. Aurelia hakusubiri amalize. Levina alikuja mbio na wenzake wa kwaya, miundu mikononi, kanga zimefungwa viunoni. Wakaanza pale pale penye dungu, chini ya pua ya bikoni, kwa sababu ndipo patakapoliwa kwanza. Walikata bila kuimba, wanakata, wanarusha nyuma, wanakata.

Halmashauri ya kwanza ilipotangazwa kuwa ya Reform, bikoni iliruka. Ilipita juu ya migongo yao, ikatua ndani ya mpunga kwa kishindo, dongo likaruka. Teofili alipuliza filimbi.

"Nyuma ya hapo, acheni!" alisema. "Ni hifadhi."

"Lile rundo tumeshalikata!" alisema Levina.

"Liko ndani."

"Umetuona tunalikata, we Teofili! Macho yako si haya?"

"Nimeona, mama. Liko ndani."

Walimwacha, wakakimbilia mbele, wakainama tena. Sasa wengine wanakata na wengine wanabeba, wanapeleka miganda barabarani ambako turubai lilikuwa limetandikwa. Halmashauri ya pili ikatangazwa. Bikoni ikaruka, ikatua mbele ya Levina na kumchafulia uso kwa tope. Filimbi. Ya tatu. Filimbi. Mwanamke mmoja alikuwa na mganda kichwani, amebakiza hatua chache kufika barabarani, bikoni ikampita. Alisimama, akauliza kwa upole kama autue au arudi nao. Teofili alimwambia autue.

Aurelia aliacha kukata. Alinyoosha mgongo, akaenda kusimama mbele ya bikoni, akaikumbatia kwa mikono miwili, kichwa chake amekiegemeza juu ya zege. Ilikuwa ya baridi na nyororo, na ndani yake hakusikia kitu. Aliing'ang'ania kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Shangazi, toka hapo," alisema Teofili.

"Nani amekulea wewe? Mama yako alipokufa, nani alikubeba mgongoni akaenda nawe shambani? Shamba gani?"

"Hili."

"Liko wapi sasa?"

"Shangazi, nakuomba. Nikiacha kupuliza wataleta mtu mwingine, asiyekujua."

"Wamlete! Afadhali asiyenijua!"

Bikoni haikumwangusha. Ilisubiri ndani ya mikono yake mpaka halmashauri nyingine ilipomaliza kuhesabu, ikachomoka, ikamruka, ikaenda. Teofili alikuwa analia, machozi yanatiririka mpaka kwenye kidevu, na alipuliza filimbi kwa muda wote unaotakiwa.

Ilipofika saa ya chakula cha mchana, matokeo yalikuwa yameisha na shamba pia. Bikoni ilisimama kando ya barabara, karibu kabisa na turubai, lakini haikuligusa. Kilichookolewa kilitosha kulifunika turubai moja. Mpunga uliobaki, uliokatwa na ambao haujakatwa, ulikuwa salama sasa, umehifadhiwa, na ndege walishuka juu yake bila kupigiwa debe. Baadaye picha ya kundi hilo la ndege, lenyewe la kupendeza kweli, ilitumwa kwa wananchi wema wa Uingereza, na wengi wao waliipenda.

Jioni ile Mudathiri alimweleza Aurelia alichosikia. Wanasiasa wote wa huko walikuwa wamesema wapigakura wametuma ujumbe mzito, na kwamba wao wameusikia.

"Ujumbe gani?"

"Wa mapipa, mama."

"Ahaa," alisema Aurelia.

Haikupita muda, msichana anayeitwa Omega akaja nyumbani kwa Aurelia, Lipangalala. Alikuwa nadhifu, ana kishikwambi na mkoba wenye sabuni. Alimwamkia Aurelia, akamwamkia na bibi asiyeona, akaulizia ujauzito wa Careen, akakaa kwenye kigoda alichopewa. Alisema ametumwa na mradi kufanya utafiti wa maoni kuhusu mpaka mpya, kwa kuwa wafadhili wa Uingereza wanataka kusikia sauti ya mwananchi.

"Wanataka kusikia?" aliuliza Aurelia.

"Sana, mama. Swali ni moja tu. Je, unaridhika na mpaka wa hifadhi? Majibu ni: ninaridhika sana, ninaridhika, sijaamua."

"Siridhiki."

"Hilo halipo, mama."

"Andika. Siridhiki. Nimenyang'anywa shamba la baba yangu na mpunga wangu, mchana, na watu wanatazama. Mama yangu anakula mihogo. Andika hivyo hivyo nilivyosema."

"Mama, hapa hakuna pa kuandika. Ni kubonyeza tu." Omega alimgeuzia kishikwambi aone. Kweli, hapakuwa na pa kuandika. "Ukiacha wazi, hakiendi mbele. Wengi huku wamechagua la tatu."

"Mimi nimeamua, mwanangu. Niliamua kabla hujaja."

"Najua, mama. Hata mimi naona."

Bibi asiyeona aliuliza kama mgeni amepewa maji. Aurelia akanyoosha kidole, akabonyeza la tatu. Omega alishukuru, akampa kipande cha sabuni, na Aurelia alikipokea kwa mikono miwili kwa sababu sabuni ya ndani ilikuwa imeisha.

Majibu yote ya Lipangalala yalitumwa London. Mudathiri alisikia kwamba yameshafika, akatangaza dukani, na watu wakaja jioni kwa wingi kuliko siku ya mpira. Beatus alikuja. Levina alikuja. Teofili naye alikuja, akakaa mbali na shangazi yake. Mudathiri aliongeza sauti mpaka mwisho. Walikuwa wanangoja kusikia kitakachohama huko Uingereza, baada ya maoni ya Lipangalala kufika: ukuta wa mtu, au uzio, au hata ua la bustani litoke kwa bwana fulani liingie kwa jirani. Taarifa ya habari ikasomwa. Ikasomwa hali ya hewa, ukasomwa mpira. Msomaji akataja jina lake na kuwatakia jioni njema.

"Kimehama nini?" aliuliza Aurelia.

"Hakijahama kitu," alisema Mudathiri.

Watu wakasema haya, wakachukua baiskeli zao. Aurelia aliaga, akapita genge la pili akanunua nusu kilo ya mchele, akaenda nao nyumbani kupika.